Chuo kinapobanwa, barua ya mbali inasaidia nini?

Mwezi huu safu ya maswali ni ya jambo moja tu: uhuru wa vyuo vikuu na wasomi wake, na namna wenzao wa nchi nyingine wanavyoweza kuwasimamia. Barua zimetoka Tabora mjini, Ujiji, Kasulu na pwani ya ziwa. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya watu na ya vyuo vilivyolalamikiwa.

"Nafundisha chuo kimoja hapa Tabora. Tukilalamika kwamba tunaingiliwa, tunajibiwa 'TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ndiyo imesema'. Chuo kujitawala na uhuru wa kitaaluma ni kitu kimoja? Na ithibati ya TCU ni kuingiliwa?" (Mhadhiri msaidizi, Tabora)

Ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kuwepo bila mwenzake. Kujitawala ni mamlaka ya taasisi. Uhuru wa kitaaluma ni haki ya mtu: mwalimu, mtafiti, mwanafunzi. Pendekezo la UNESCO la tarehe 11 Novemba 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu limevitenganisha wazi. Aya ya 17 inaeleza kujitawala kwa chuo, tena kwa sharti la kuwajibika kwa umma unaolipa. Aya ya 27 inamtaja mwalimu mwenyewe: kufundisha na kujadili bila kulazimishwa kufuata itikadi, kutafiti na kuchapisha, kutoa maoni juu ya chuo anachofanyia kazi, na kutokaguliwa maandishi yake na taasisi hiyo hiyo. Chuo kinaweza kujitawala barabara, halafu mkuu wa idara akamziba mdomo mhadhiri wake. Hilo la pili linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Kujitawala nako hupimwa sehemu nne: nani anachagua viongozi na baraza, nani anaamua fedha ziende wapi, nani anaajiri na kupandisha vyeo, na nani anapanga kinachofundishwa. Ukiandika lalamiko, sema ni sehemu ipi iliyoguswa. "Tunaingiliwa" ni neno pana mno, na anayelipokea hajui aanzie wapi.

Sasa TCU. Tume hiyo imeundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na ithibati ni kazi yake halali. Ikiuliza sifa za walimu, idadi yao kwa wanafunzi, maktaba, maabara na saa za somo, hiyo si kuingiliwa. Mwanafunzi anayelipa ada ana haki ya kulindwa dhidi ya chuo cha mfukoni. Kuingiliwa kunaanza pale mada inapofutwa kwa sababu ya kinachosemwa ndani yake. Kwa hiyo usibishane na tetesi za kikaoni. Omba barua yenyewe na kifungu chenyewe, kwa maandishi. Chuo cha umma kikikaa kimya, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukikuta barua inazungumzia sifa za walimu tu, wakati wewe umeambiwa ufute mada, basi aliyekuingilia yuko jengo moja na wewe, na dawa yake iko kwenye seneti ya chuo.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini ndilo linalouma: kama mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja, uhuru wako una urefu wa mwaka mmoja. Hakuna haja ya kukufukuza. Wanaacha tu kukuongezea. Chama cha wafanyakazi kikianza na jambo moja, kianze na masharti ya mikataba.

"Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Haya mambo ya barua kutoka Ulaya siyapendi. Tulipata uhuru ili tusiamuliwe na wageni. Kwa nini chuo chetu kitetewe na watu wa nje?" (Mzee, Ujiji)

Shikamoo mzee wetu. Hofu yako ina msingi, ila historia ya jambo lenyewe imeanzia nyumbani. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya Tanzania vilikutana Dar es Salaam vikatoa tamko lao juu ya uhuru wa kitaaluma, na humo humo wakaandika wajibu wa msomi kwa jamii. Novemba ya mwaka huo huo wasomi wa Afrika wakakutana Kampala, chini ya CODESRIA, baraza la utafiti wa jamii lenye makao Dakar tangu 1973, wakatoa la kwao. Pendekezo la UNESCO tulilolitaja juu lilikuja miaka 7 baadaye. Waliotangulia kuandika ni sisi.

Na sababu za kuandika zilikuwa za humu humu. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walirudishwa makwao kwa mamia baada ya maandamano ya kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi Mlimani, alifukuzwa chuoni, wenzake wakagoma kuingia darasani. Walioandika tamko la 1990 walikuwa wanayajua hayo.

Kutetea wa mbali nako si kugeni kwetu. Baada ya watoto wa Soweto kuuawa 1976, chama cha ANC kilipewa ardhi Mazimbu, Morogoro, na tangu 1978 pakasimama Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Vijana wa Afrika Kusini walisomea pale, wakifundishwa na wenzao pamoja na walimu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Majengo hayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo bado inaitwa Solomon Mahlangu. Tuliwapa ardhi watu waliobanwa kwao, na hatukuona kwamba tunaingilia.

Pale unaposema tusiamuliwe, tuko na wewe kabisa. Barua ya mshikamano inayokuja na amri, au inayotaka chuo kibadilishe mtaala ili kimfurahishe mfadhili, nayo ni kuingilia. Mfadhili anayechagua utafiti gani ufanywe na upi uachwe amegusa uhuru ule ule ambao mkuu wa wilaya anaweza kuugusa. Kipimo tunachotumia ni kimoja: aliyeonewa ameomba? Kama hakuomba, wa mbali akae akisubiri.

"Nakusanya takwimu za mavuno ya dagaa na migebuka kwenye mialo kadhaa ya Ziwa Tanganyika kwa shahada yangu ya uzamili. Matokeo hayakupendeza. Nimeambiwa kwa simu nisichapishe 'bila kibali cha takwimu'. Nifanye nini?" (Mtafiti, Kigoma)

Kwanza, usibishane kwenye simu. Siku hiyo hiyo andika barua pepe fupi ya heshima: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo saa fulani, nimeelewa kwamba nimeelekezwa nisichapishe. Naomba nielekezwe kifungu cha sheria kinachohusika." Baada ya hapo mambo ni mawili: atakujibu kwa maandishi, au atanyamaza. Yote mawili ni ushahidi, na simu peke yake si ushahidi wa chochote.

Kuhusu sheria yenyewe, watu wengi bado wanashika habari ya zamani. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalikataza kusambaza takwimu zinazokinzana na zile rasmi, na yakaweka adhabu. Watafiti wa ndani walilalamika, na Oktoba mwaka huo Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi mkubwa. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, na haki ya mtu kukusanya na kusambaza takwimu zake ikatambuliwa. Huo ni mfano wa sauti ya ndani na ya nje zikigonga mlango mmoja. Kwako maana yake ni hii: eleza mbinu yako wazi, yaani mialo mingapi, siku ngapi kwa mwezi, mitumbwi mingapi kwa siku, mizani gani, na useme bayana kwamba hizi ni takwimu za utafiti wako. Usiziite za taifa.

Pili, kagua vibali. Watafiti wengi hawaanguki kwenye matokeo. Wanaanguka kwenye karatasi. Barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa kwenda wilaya, ya wilaya kwenda kwa mtendaji wa kata na wa kijiji: kila moja iwe na muhuri na tarehe, na uwe na nakala yake. Kama mwenzako mmoja ni mgeni, kibali chake cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kiwe kinataja maeneo yale yale mliyofanyia kazi. Kama sampuli za samaki au maji zilivuka mpaka, makubaliano ya kuhamisha sampuli yawepo. Anayetaka kukunyamazisha hatashambulia dagaa wako. Atatafuta muhuri uliokosekana.

Tatu, data. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya mji. Daftari la mwaloni lipigwe picha kila jioni, ukurasa kwa ukurasa, tarehe ionekane. Majina ya wavuvi yaondolewe kabla hujamtumia mtu yeyote, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Ukimaliza, hifadhi seti iliyosafishwa kwenye ghala la wazi kama Zenodo, ambako ni bure na unapata namba ya kudumu yenye tarehe. Hakuna atakayesema baadaye kwamba umebuni.

Hapa mshikamano una sura ya kazi kabisa. Ziwa hili ni la nchi nne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Uvira kuna kituo cha utafiti wa ziwa, na Mpulungu nako kuna wanaopima samaki. Mkikubaliana mbinu moja na kuchapisha pamoja, ofisi moja ya upande mmoja haiwezi tena kuzika matokeo. Hilo lifanyike mapema, kabla ya kupima samaki wa kwanza. Na mkataba wowote wa utafiti uwe na kifungu kinachosema mfadhili au ofisi mwenza inaweza kusoma andiko na kutoa maoni ndani ya siku 30, au 60 ikizidi sana, lakini haina kura ya kulizuia.

"Kaka yangu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Amesimamishwa masomo kwa kuandika mtandaoni kuhusu ada na huduma za chuo chao. Tunataka tuandikie mashirika ya kimataifa leo hii." (Dada mtu, Tabora)

Pole sana, dada. Msikimbilie nje leo. Leo hesabuni siku.

Chukueni barua ya kusimamishwa, mwandike tarehe mliyoipokea, kisha mtafute kanuni za nidhamu za wanafunzi za chuo hicho na kifungu cha rufaa. Vyuo vingi vinatoa siku chache sana, na rufaa iliyochelewa haisikilizwi hata kama haki iko wazi. Ulizeni kwa maandishi mambo manne: kosa ni kifungu gani, ushahidi ni upi, kikao kilikaa lini na akidi yake, na kama kaka yako aliitwa kujieleza kabla ya uamuzi. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha maamuzi mengi ya vyuo mahakamani. Haki ya kusikilizwa haihitaji mkataba wa kimataifa, imo katika Katiba yetu, ibara ya 13.

Asifute alichokiandika kabla hajakipiga picha chote, pamoja na maoni ya chini, tarehe na anwani ya ukurasa. Kipande kilichokatwa kinamgeuka. Mpelekeeni wakili asome maneno hayo kwa jicho la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kabla ya mtu mwingine kuyasambaza kwa nia njema, maana mara nyingi aliyesambaza ndiye anayeongeza kesi.

Rufaa ya ndani ikigonga mwamba, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambako kulalamika ni bure. Kuna pia Mahakama Kuu, na Tabora mnayo hapo hapo. Maombi ya kuomba ruhusa ya mapitio ya uamuzi yana kikomo cha miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kuwaandalia nyaraka na kuwaelekeza, ila hawezi kusimama mahakamani kumwakilisha.

Tuongeze kwa ajili ya wafanyakazi wanaosoma hapa: aliyeachishwa kazi na chuo binafsi ana siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1, na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi. Mtumishi wa umma anaanzia kwenye mamlaka yake ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma. Tumeona wahadhiri wakikusanya sahihi za wenzao wa nje kwa miezi miwili, huku siku 30 zimepita.

Basi wa nje waambiwe lini? Waambieni mapema kwa siri, na wasikike hadharani baadaye. Scholars at Risk, mtandao ulioanzia Chicago na sasa uko Chuo Kikuu cha New York, huorodhesha matukio ya namna hii, ya wanafunzi pia, baada ya kuyahakiki. Wanaripoti Maalumu wa Umoja wa Mataifa, yule wa elimu na yule wa uhuru wa maoni, hupokea taarifa hata kama mahakama za ndani hazijamalizwa. Huiandikia serikali, na kwa kawaida barua inawekwa hadharani baada ya siku 60. UNESCO nayo ina utaratibu wake tangu 1978: unaandika barua, unatumiwa fomu, unaijaza na kuitia sahihi. Barua isiyo na jina haipokelewi. Kamati yake hukaa mara mbili kwa mwaka, milango imefungwa, kwa hiyo usiitegemee kwa jambo la wiki hii. Kuhusu Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishitaki moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya. Kinachobaki ni Kamisheni ya Afrika kule Banjul, na wao wanataka kwanza uone mwisho wa njia za ndani.

Njia ya Banjul ni ndefu. Profesa Kenneth Good, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana, alifukuzwa nchini humo 2005 baada ya kuandika makala juu ya urithi wa urais. Kamisheni ilimpa haki yake 2010. Serikali ilikataa kutekeleza. Hata hivyo uamuzi ule upo, na wakili yeyote wa Afrika anaweza kuuweka mezani leo.

"Kambini kuna jirani yetu aliyekuwa mhadhiri kwao Burundi. Vyeti vingine viliungua. Kuna mtu anamwambia alipe dola 150 atafutiwe nafasi ya wasomi walio hatarini. Ni kweli?" (Mwalimu, Kasulu)

Asilipe hata senti. Mashirika ya kweli ya kazi hii hayatozi ada ya maombi, na anayetoza ni tapeli.

Matatu yanayojulikana zaidi ni Scholars at Risk tuliyoitaja; CARA ya Uingereza, iliyoanzishwa 1933 kuwapokea wasomi waliofukuzwa na Hitler, na ambayo watu 16 kati ya iliowasaidia walikuja kupata tuzo ya Nobel; na mfuko wa kuokoa wasomi wa taasisi ya IIE ya New York, ulioanza 2002, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitoa hadi dola 25,000 kwa mwaka, pamoja na bima ya afya, huku chuo mwenyeji kikichangia. Ujerumani kuna mpango wa Philipp Schwartz wa wakfu wa Humboldt, na Ufaransa kuna PAUSE. Katika hiyo miwili msomi haombi mwenyewe, chuo kinachompokea ndicho kinachoomba. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kumtafuta profesa wa fani yake atakayesema "namtaka kwenye idara yangu".

Aandae wasifu wa kurasa mbili au tatu, orodha ya alichochapisha, majina ya wadhamini wawili au watatu wanaomjua kitaaluma na waliokubali kutajwa, na maelezo ya hatari yake kwa mpangilio wa tarehe. Vyeti vilivyoungua vina mbadala: ukurasa wa mbele wa tasnifu, hati ya mshahara, orodha ya walimu ya idara, makala yenye jina la chuo chake, picha ya cheti aliyonayo mwanafunzi mwenzake. Asimwandikie msajili wa chuo chake cha zamani kama kufanya hivyo kunafichua alipo.

Maombi mengi huharibika kwa kutia chumvi. Mtu ametishwa mara mbili, anaandika amepigwa risasi. Waombaji wanahakikiwa, na jambo moja la uongo linaua mengine tisa ya kweli. Awe mkweli pia kuhusu muda: mfuko wa IIE huangalia hatari ya sasa au ya karibuni, na aliyekimbia miaka mingi iliyopita ana nafasi finyu zaidi. Akipata mwaliko, bado atahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi na kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo azungumze mapema na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na ofisi ya UNHCR hapo Kasulu. Haya huchukua miezi.

Wakati anasubiri, mshikamano wa karibu upo. Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora, na vyuo vingine vipo. Kumwalika atoe mhadhara mmoja kwa njia ya mtandao, kumpa namba ya maktaba, kumshirikisha katika kusahihisha andiko: hayo yanamrudisha katika kazi, na yanampa mdhamini mpya wa tarehe ya karibuni, kitu ambacho fomu zote hukiuliza.

"Chama chetu cha wanataaluma kinataka kuandika barua ya kuwaunga mkono wenzetu wa nchi nyingine. Tumeandika kurasa nne. Mtusaidie." (Katibu wa chama, Tabora)

Ndugu katibu, punguzeni hadi ukurasa mmoja, maneno 400 yakizidi sana. Lakini kabla ya kalamu kuna simu. Mtafuteni mwenyewe anayehusika, au wakili wake, au mtu wa familia anayeaminiwa, mumwulize: unataka barua hii? Unataka jina lako litajwe? Ikitoka hadharani, nani nyumbani kwako anaweza kudhurika? Akisema ngoja, ngojeni. Msitumie barua pepe ya chuo chake, na asilazimishwe kujibu kwa maandishi.

Barua yenyewe aya ya kwanza iseme ninyi ni nani, kwa sentensi mbili. Ya pili itoe tukio: nani, nini, lini, wapi, na mmejuaje, kwa mambo yaliyothibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana. Ya tatu itaje kanuni iliyovunjwa, na mwanzo iwe ya nchi ile: katiba yao, sheria yao ya vyuo, mkataba waliouridhia. Aya ya 27 ya UNESCO ifuate nyuma. Ya nne iombe mambo mawili au matatu ambayo mpokeaji ana uwezo nayo. Makamu mkuu wa chuo hawezi kufuta kesi ya jinai, ila anaweza kumrudishia mtu mshahara, ofisi na wanafunzi wake. Ombeni hilo.

Lugha iwe ya heshima tupu. Katika kurasa nne mlizotutumia kuna neno "utawala katili" mara sita. Mpokeaji atakapofika neno la kwanza la namna hiyo atakuwa amepata sababu ya kuacha kusoma, na mwendesha mashitaka anaweza kuipeleka barua mahakamani kama ushahidi kwamba mwenzenu anatumiwa na maadui wa nje. Hakikini majina na vyeo herufi kwa herufi. Barua iliyomkosea jina mkuu wa chuo huonyesha kwamba hamkufuatilia.

Wakati wa kuituma una uzito kuliko wingi wa sahihi. Sahihi 20 za wakuu wa idara zilizofika siku 10 kabla ya kikao cha nidhamu zinafanya kazi kuliko sahihi 2,000 za mtandaoni zilizofika baada ya hukumu. Angalieni Hungaria: sheria iliyolenga Central European University ilipitishwa Aprili 2017, maandamano na barua zikafuata kutoka dunia nzima, na Oktoba 2020 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria ile ni batili kwa misingi ya Umoja huo. Lakini chuo kilikuwa kimeshahamia Vienna tangu 2019. Uturuki, walioshitakiwa kwa kutia sahihi tamko la amani la Januari 2016 walipata kitu cha ziada: wasomi wa nje walikwenda kukaa mahakamani, wakanyamaza, wakaandika kila kilichosemwa. Julai 2019 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema kuwaadhibu kulivunja uhuru wao wa maoni. Wengi waliachiwa, ingawa kazi zao hawakurudishiwa wote. Kama kesi ya wenzenu iko Bujumbura au Kampala, nauli ya mtu mmoja kwenda kukaa mahakamani siku moja ni matumizi mazuri ya mfuko wa chama.

Fedha msiwatumie kienyeji. Kuna nchi ambako kupokea pesa ya nje bila taarifa ni kosa, na mtamwongezea shitaka. Pitieni chama chao cha wafanyakazi, au lipeni moja kwa moja kitu kinacholipika, kama ada ya uanachama wa jarida au usajili wa mkutano wa mtandaoni. Mkitaka lalamiko lifike kamati ya pamoja ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO inayoshughulikia hadhi ya walimu, jueni kwamba inapokea kutoka kwa vyama vya walimu, si kwa mtu mmoja mmoja. Hapo chama chenu kina nguvu ambayo profesa peke yake hana.

Na mpangeni ratiba. Barua ya kwanza leo, ukumbusho baada ya siku 14, wa pili baada ya 30, kisha kila tarehe ya kesi. Chagueni mtu mmoja wa kushika faili, na mwingine wa kumrithi akihama. Barua moja isiyofuatiliwa humfundisha mkandamizaji kwamba kelele huisha wiki mbili.

"Je, tususie chuo kizima cha nchi inayoonea wasomi?" (Msomaji, Uvinza)

Mara chache sana, na kwa sharti la waliomo ndani kuuomba wenyewe mgomo huo, kama wapinga ubaguzi wa Afrika Kusini walivyouomba. Kukataa cheo cha heshima au sherehe ya uongozi wa chuo kile ni sawa. Kukataa kusahihisha tasnifu ya mwanafunzi wao, au kumnyima mhadhiri wao nafasi kwenye mkutano, ni kumfungia mlango mtu yule yule ambaye kwao wameshamfungia madirisha. Kabla ya kususia chochote, andikeni orodha ya watu watakaoguswa, kwa majina, kisha mpigieni mmoja wao simu.